Mtoto wa Nne wa Fundi Mounira

Asubuhi ya Jumanne, Inspekta Faridah Djamali aliingia kwenye kasho ya Kasongo, chumba cha mahabusu, akiwa amebeba kiti chake mwenyewe, kwa sababu mle ndani mlikuwa na kila kitu cha kumdhalilisha binadamu isipokuwa mahali pa kukaa. Alikuwa na daftari la shule, kalamu iliyofungwa uzi shingoni, na siku tatu. Ijumaa gari la wafungwa lingeondoka kwenda Kindu, na mwanamke aliyekaa sakafuni mbele yake angepakiwa kama mama aliyemuua mwanawe.

Mwanamke huyo aliitwa Mounira. Mguu wake mmoja haukunyooka tangu utotoni, lakini mikono yake ilijulikana Kabambare nzima: alikuwa fundi cherehani, na hata gauni alilofungiwa nalo lilikuwa na alama yake, mshono wa uzi mwekundu uliopishana kama mkeka kuzunguka pindo. Mshtaki alikuwa mumewe, Bakari, mwenye duka la vitenge. Bakari alikuja kwa mwendesha mashtaka, yule waitaye Prokireri, na neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia: mke wangu amezaa watoto wanne, mimi nawajua watatu. Hao watatu alishawapeleka Nyangwe kwa mama yake yeye Bakari. Wa nne, alisema, karatasi ya sensa inamjua, na mkewe hataki kusema alimtupa wapi.

"Mama Mounira, umezaa watoto wangapi?"

"Watatu."

"Na ajenti wa sensa ulimwambia wangapi?"

"Wane."

Faridah akaandika. Mounira akaifuata kalamu kwa macho mpaka ilipotua.

"Huyo wa ine iko wapi?"

"Iko mahali iko."

"Iko muzima?"

"Muzima. Weka kalamu, Mama Inspekta."

Faridah akaiachia, ikaning'inia kifuani.

"Bado iko kwa shingo yako," Mounira alisema. "Ule ajenti naye aliniapia. Alinisomea pale juu ya fishi yake, ile karatasi ya sensa: haya unayosema hayatoki hapa. Nikamwambia ukweli, ju nilifikiri kiapo ni kiapo. Leo ni usiku kumi na moja nalala kwa simenti. Nikikupa neno moja utataka la pili. Na la pili si langu."

"Ijumaa watakupeleka Kindu."

"Najua."

"Na watoto wako?"

Hapo Mounira akageuza uso ukutani. Faridah hakupenda machozi ya mahabusu, maana mengi yalimwagwa kwa hesabu, lakini haya yalimuuma, na ilimuudhi kwamba yamemuuma. Akabeba kiti chake akatoka kutafuta motari, dereva wa pikipiki, wa kumpeleka Kabambare.

Jumatano saa mbili asubuhi alikuwa mbele ya duka la Bakari. Cherehani ya mkewe ilikuwa pembeni, imefunikwa kitenge, na juu yake Bakari alishaweka mizani na debe la chumvi, utadhani mwenyewe amezikwa.

"Nani alikwambia habari ya watoto wanne?"

"Mutu wa sensa. Alisimama hapo hapo ulipo, na papier mukononi. Akaniuliza: hii nyumba iko na watoto wangapi? Nikasema watatu. Akatikisa kichwa. Akasoma: muke wa miaka makumi tatu na moja, fundi wa kushona, kilema ya muguu, alizaliwa Nyangwe. Alizaa watoto wane. Wanaishi naye watatu. Wanaishi kwingine, sifuri. Waliokufa, sifuri. Akaniuliza mimi, Mama Inspekta, mimi bwana yake: sasa moja iko wapi? Mbele ya wateja!"

"Ulimjua?"

"Nitamujua wapi? Alikuwa na papier ya sensa, basi ni mutu wa sensa."

"Ulimuuliza mkeo?"

"Nilimuuliza. Akasema: usiniulize, Bakari, nimeapa. Hiyo ni jibu ya kupa bwana? Wa kwanza, Asha, alizaliwa Wamaza, tulikuwa tunakaa kule, na mimi nilikuwa Lusangi nachimba dhahabu, mwaka muzima sikurudi. Hawa wawili wengine walizaliwa hapa mbele ya macho yangu. Piga hesabu mwenyewe. Lisemwalo lipo."

"Mkeo ana miaka mingapi?"

"Papier inasema makumi tatu na moja."

"Nakuuliza weye, siulizi papier."

Bakari akatazama juu, akakuna shavu. "Alizaliwa mwaka moja na mudogo wangu. Basi ni... makumi mbili na kenda." Akashusha mkono. "Lakini serikali itasema uongo ipate nini?"

Katika mfuko wa Faridah kulikuwa na kadi ya kura ya Mounira, na kadi ilisema ishirini na tisa. Huyu bwana amelala na mkewe miaka kumi na mmoja, na siku moja karatasi imekuja kumzeesha mwanamke miaka miwili, naye ameitikia amina. Faridah aliandika 31, akaandika 29, akapiga mstari chini ya zote mbili.

Ajenti aliyehesabu mtaa ule katika sensa ya majaribio alikuwa Christophe, mwalimu wa darasa la tatu pale pale Kabambare, mtoto wa wakulima wa kando ya Kasongo, mrefu, mwenye mashati yaliyofuliwa hadi kola ikachoka. Mtu yeyote angeanza na yeye, na Faridah alianza na yeye. Alimkuta nyuma ya shule wakati wa mapumziko, akamweka kati ya ukuta na swali.

"Ulienda kwa duka la Bakari na fomu ya mkewe."

"Mimi? Hapana, Mama Inspekta. Fishi zote nilizifunga kwa kartoni, nikatia sahihi, nikazirudisha biro, kule ofisi ya sensa, kwa Bwana Hippolyte. Toka siku ile sijakanyaga kwa ule mulango."

"Fundi Mounira ulimwandika miaka mingapi?"

"Makumi mbili na kenda. Alinionyesha kadi."

Alijibu upesi, bila kujua kwamba ameshajiokoa. Aliyesoma mbele ya duka alisoma thelathini na moja. Basi karatasi ile haikutoka kwenye mkono wa Christophe.

"Na watoto?"

Kengele ya shule ikalia, watoto wakaanza kupanga foleni, na mwalimu wao hakusogea.

"Christophe, keshokutwa mwanamke anapelekwa Kindu."

"Nilisikia. Sijalala toka nisikie."

"Basi sema."

"Niliapa. Nilimwapia mbele ya mulango wake, mukono juu. Nikisema kwako leo, kesho nitasema kwa nani?" Jasho lilikuwa linamtoka na jua halijawa kali. "Lakini mimi si mutu wa kuacha fishi iseme uongo. Angalia pembeni ya fishi, kule hakuna vijumba vya kujaza. Na ufanye haraka. Leo saa tisa wanazichoma."

Alikuwa mtu wa sensa wa kwanza katika shauri lile kuheshimu kiapo chake, na hadi hapo heshima hiyo ilikuwa haijamsaidia mtu.

Katika ua wa biro ya sensa kulikuwa na pipa lililotobolewa matundu, makatoni sita na kidumu cha mafuta ya taa. Bwana Hippolyte, mkuu wa biro, alikuwa mtu safi, wa kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na alimpokea Faridah kwa adabu zote za mtu anayekusudia kukataa.

"Haiwezekani, Mama. Fishi ni siri. Hata Prokireri haoni fishi, hata mimi siruhusiwi kuisoma mara ya pili. Tukimaliza kuingiza katika mashini, tunachoma. Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri."

"Siri," Faridah alisema.

"Siri kabisa."

Faridah akafungua daftari, akamsomea taratibu: mwanamke, thelathini na moja, fundi wa kushona, kilema cha mguu, kazaliwa Nyangwe, watoto wanne, sifuri, sifuri. Kisha akafunga. "Haya nimeyapata kwenye duka la vitenge, Bwana Hippolyte, kati ya sabuni na chumvi. Wateja wawili wanayajua kwa kichwa."

Uso wa Hippolyte ulibadilika rangi. "Hiyo si fishi. Hiyo ni sampuli."

"Nifundishe."

"Tunachukua nyumba moja kwa kila kumi, tunawapa watafiti wasome hali ya watu. Lakini majina tumetoa! Umri tumesogeza miaka miwili, mbele au nyuma, makusudi, ili mutu asijulikane."

"Miaka miwili mbele. Ishirini na tisa ikawa thelathini na moja."

"Ndiyo. Ni ulinzi."

"Na kazi mmeacha, na mguu mmeacha, na Nyangwe mmeacha. Niambie, mafundi wa kushona wenye kilema cha mguu waliozaliwa Nyangwe, Kabambare wako wangapi?"

Hippolyte aliinua kidole kimoja ili aanze kuhesabu, akakiangalia, akakirudisha chini. Hakuhitaji cha pili.

"Nani anayo hiyo sampuli?"

"Watafiti wawili. Moja iko Kinshasa. Mwingine ni Bwana Octave, analala hapa parokia. Wote walitia sahihi kwamba hawatamutafuta mutu."

"Na kwa mashini yenu, mtoto wa nne yuko wapi?"

"Hayuko. Si ndio makosa yenyewe? Haijumlishiki."

"Fungua katoni."

"Mama Inspekta, sheria..."

"Sheria yako imelinda karatasi na kumuuza mwenye karatasi. Fungua."

Alifungua. Alipekua karatasi moja moja kwa ncha za vidole, na Faridah, aliyekuja na hasira za kutosha wilaya mbili, alijikuta akimhurumia kidogo. Fomu ilikuwa katika katoni ya nne. Waliozaliwa: 4. Wanaoishi naye: 3. Wanaoishi kwingine: patupu. Waliokufa: patupu.

"Hapa hakuna sifuri. Nani aliweka sifuri?"

"Mashini haipokei patupu. Mutu wa kuingiza anaweka sifuri ili iende mbele."

"Na haya ya pembeni?"

Hippolyte aliinama, na kwa mara ya kwanza akasoma maandishi madogo ya mwalimu wa darasa la tatu: *Watatu wa tumbo lake. Mmoja alimnyonyesha, anamhesabu kuwa wake. Nimemwambia swali ni la kuzaa, amekataa niandike tatu. Mahali alipo mtoto hataki paandikwe.*

"Mashini haipokei maneno," Hippolyte alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na viatu vyake. "Lakini kunyonyesha si kuzaa. Kwa nini hakusema tatu?"

Kwa sababu hukukulia Kasongo, Faridah alitaka kumjibu. Katika familia za Kiislamu za mji ule, mtoto aliyenyonya kwako ni wako. Wanao ni ndugu zake, hawataoana naye mpaka kufa. Kaka yake Faridah mwenyewe alishapeleka posa, mchele umeshapepetwa, ndipo kikongwe mmoja akakumbuka kwamba bwana na bibi harusi walinyonya titi moja msimu wa surua. Mchele ukaliwa kama sadaka. Ndiyo maana mama hamruki mtoto wa kunyonya anapohesabu wanawe. Kumruka ni kumkana, na mtoto aliyekanwa hapati heri. Mounira aliulizwa ana watoto wangapi, akajibu kama alivyofundishwa. Mwalimu Christophe aliandika alichosikia. Mashini ikachukua nne, ikatupa maneno, ikajaza kimya kwa sifuri, na kutoka hapo mtoto mzima akageuka maiti.

Faridah alipiga picha fomu kwa simu. Kisha akasimama hapo mpaka saa tisa, akahakikisha katoni ya nne haikuingia kwenye pipa.

Octave alikuwa chumbani kwake parokia, kijana msomi mwenye miwani na sauti ya upole, kompyuta wazi mezani. Hakukana lolote. Hata alimsogezea kiti.

"Ni kweli, nilienda. Lakini sikumtafuta yeye, Mama. Nilitafuta kosa. Mstari mmoja haujumlishiki: wanne, watatu, sifuri, sifuri. Nikijenga utafiti juu ya mstari kama huo, nitadanganya nchi nzima. Takwimu yenye kasoro ni sumu."

"Uliipataje nyumba?"

Macho yake yaling'aa, na hapo ndipo Faridah alipomchukia. "Ilinichukua saa moja tu. Mguu, cherehani, Nyangwe. Niliuliza sokoni fundi anayechechemea, wakanionyesha mulango."

"Mwenyewe hakuwepo."

"Hakuwepo. Nikaona bwana yake atajua."

"Ulitia sahihi kwamba hutamtafuta mtu."

"Ili kumdhuru! Mimi nilitaka kusahihisha." Akavua miwani. "Yule mama... ni kweli wamemfunga?"

"Siku ya kumi na mbili leo."

Kijana akageukia kompyuta yake. Faridah akiwa mlangoni, alimsikia akiuliza kwa sauti ndogo sana: "Na jibu ni ngapi?" Faridah alitoka bila kugeuka, maana angegeuka angempiga.

Hesabu iliyobaki ilikuwa nyepesi. Mwanamke hanyonyeshi bila maziwa. Kwa uzazi wa pili na wa tatu Bakari alikuwapo, na mtoto mgeni kwenye titi la mkewe angemwona. Ulibaki uzazi wa kwanza, Wamaza, miaka kumi iliyopita, mume akiwa kwenye mashimo ya Lusangi. Alhamisi saa nne motari alimshusha Wamaza. Hakuuliza habari ya mtoto. Aliuliza ni nani alikuwa jirani ya yule fundi mwenye mguu mbaya zamani zile, wakamwonyesha nyumba ya Bibi Marie, nyuma ya shamba la mihogo.

Msichana wa miaka kumi alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, uani. Gauni lake lilikuwa limefupika, lakini pindo lake lilizungukwa na uzi mwekundu, umepishana kama mkeka.

"Darlène, nenda mutoni," Bibi Marie alisema kabla mgeni hajasalimu.

Alikuwa na miaka sabini kasoro chache, mikono yote mishipa. Alimsikiliza Faridah mpaka mwisho, akasema: "Ule ni mutoto wangu. Kitinda mimba."

"Bibi, nakuheshimu. Lakini miaka kumi nyuma weye ulikuwa umekoma kuzaa."

"Mungu anaweza yote."

"Mounira yuko kasho. Wanasema ameua mtoto. Kesho wanampeleka Kindu, na wanawe wamenyang'anywa. Hajataja jina lako, hajataja la huyu. Amekaa kimya siku kumi na tatu."

Bibi kizee akakaa chini taratibu, kama nguo inayodondoka kambani. "Mounira," alisema. "Ule mutoto wa watu."

Faridah akatoa daftari. Bibi Marie akaliona, akarudi nyuma.

"Haya unayosema hayatoki hapa, bibi," Faridah alisema. "Ni siri ya upelelezi. Naapa." Na alipoapa alikuwa anasema kweli, au aliamini anasema kweli, ambalo ni jambo jingine.

Basi bibi akasema. Walipokimbia risasi waliingia msituni wengi, na binti yake alikuwa na mimba ya watu wenye bunduki, wengi, hata hakujua ni nani kati yao. Alijifungua chini ya majani, damu haikukatika. Mounira alikuwa pale na mtoto wake wa miezi miwili. Hakuulizwa. Alimchukua aliyezaliwa, akampa titi la kuume, wake akampa la kushoto, miezi mitano, yeye mwenyewe akila mizizi. Walipotoka msituni Bibi Marie alisema kijijini kwamba mtoto ni wake. Watoto wa mimba za namna ile wana jina hapa, na wimbo wao, na wenzao wanawaimbia njiani. "Aliapa na kitabu chake, nami na changu. Kila mwaka anamutumia nguo. Andika tu kwamba alinyonyesha mutu. Hiyo ingine iache."

"Bibi, Prokireri hapokei patupu."

Maneno yalimtoka mdomoni, akayasikia, na kuna kitu kilimchoma. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea kazi. Miaka kumi na minane hakuna jalada lake lililorudishwa kwa upungufu. Akaandika jina la mtoto, umri, kijiji, jina la marehemu mama, na pale penye baba akaandika kila alichoambiwa. Bibi Marie akatia dole gumba chini.

Ijumaa asubuhi mwendesha mashtaka alisoma jalada mara mbili, akaangalia picha ya fomu, akasema, "Kazi kamili, Mama Inspekta. Kamili kabisa," na akatia sahihi ya kumwachia mfungwa. Faridah alikwenda na ufunguo yeye mwenyewe. Hakutaka askari amfungulie. Njiani alikuwa anafikiri juu ya Nyangwe, jinsi ya kuwarudisha wale watoto watatu kabla ya Jumapili, na alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ambayo kazi ile humpa mtu mara chache.

Mounira alivaa ndala. Alijishika ukutani, akainuka. Walikuwa bado mlangoni waliposikia sauti ya karani kutoka barazani.

Mshtaki ana haki ya kusomewa sababu. Ndivyo inavyofanyika, kila shauri, na karani wa Kasongo husoma barazani kwa sababu ofisini ni kudogo, na husoma kwa sauti kwa sababu anaipenda sauti yake. Bakari alikuwa amesimama mbele, na nyuma yake wenye mashauri yao, wauza maandazi, motari waliokuwa wakingoja abiria.

"...mtoto wa kike aitwaye Darlène, miaka kumi, mkazi wa Wamaza, kwa bibi yake Marie, ambaye si mama yake, bali aliyezaliwa na marehemu binti yake, kwa baba asiyejulikana kati ya watu wenye silaha..."

Mtu barazani alipiga mluzi. Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe!" Karani akaendelea hadi nukta ya mwisho.

Faridah alikuwa ameshakimbia hatua tano kuelekea barazani, akasimama, maana hapakuwa tena na kitu cha kukimbilia. Akarudi. Mounira alikuwa bado pale pale, mkono ukutani.

"Bibi Marie ulimwambia nini?"

"Kwamba haitatoka."

Mounira akatikisa kichwa polepole. "Christophe ni mutoto. Alinidanganya bila kujua. Weye ulijua. Niko hapa siku kumi na ine ju ya neno moja, na weye umeliandika kwa siku moja."

"Wangekupeleka Kindu."

"Si ningeenda?"

Akampita. Barazani watu wakampisha njia. Bakari alisogea na mikono yote miwili mbele, machozi yanamtoka, akasema, "Mama Asha, nisamehe, papier ndiyo ilisema," na mkewe akazunguka mikono ile kama mtu anavyozunguka dimbwi. Aliteremka ngazi moja moja kwa ule mguu wake, mpaka kwenye pikipiki ya kwanza.

"Wamaza," alisema. "Haraka, baba. Nifike mbele ya haya maneno."

Motari akakanyaga kiki, akamtengea nafasi nyuma, akageuza shingo kwa adabu.

"Wamaza sehemu gani, mama? Kwa ule mutoto Darlène?"